Mtihani na Chombo Chake: Historia Fupi ya Upimaji wa Chuo Kikuu, Ikitazamwa Kutoka Kabanga

Kusudi la makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya vyombo vilivyotumika kuwapimia wanafunzi wa chuo kikuu katika Afrika ya Mashariki, tangu karatasi iliyosahihishwa chini ya mamlaka ya Ulaya hadi kompyuta ya leo, na kuonyesha ya kwamba kila chombo, pamoja na manufaa yake, kiliugeuza hata mtindo wa swali lenyewe. Jambo hili mara nyingi huachiwa mafundi wa mitambo. Walakini lina upande wa lugha, na upande huo ndio utuhusuo sisi. Kwa maana neno la Kiswahili limejengwa kwa namna ambayo mashine zilizotungwa kwa lugha nyingine hazikuitazamia.

Historia hii nitaitazama kutoka Kabanga. Kabanga ni mahali katika Kasulu, nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha. Pana hospitali ya misheni na chuo cha ualimu cha Serikali. Kutoka mji wa Kasulu hadi Kigoma ni yapata kilomita 90, na kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, kwa reli iliyofika ziwani mwaka 1914, ni zaidi ya kilomita 1,200. Nimepachagua kwa sababu moja. Mtihani umfaao mwanafunzi aliyeko Kabanga utawafaa wengi. Umfaao aliyeko Mlimani peke yake haujastahili kuitwa mtihani wa taifa.

Maneno yenyewe

Yafaa tuanze na maneno, kwa kuwa maneno hutunza mawazo ya watu wa kale. Kiswahili kina maneno matatu yaliyo karibu karibu katika habari hii. La kwanza ni mtihani, lililotoka katika Kiarabu, na ambalo mpaka leo lina maana ya taabu imjaribuyo mtu. Mwenye msiba huambiwa kuwa amepata mtihani. La pili ni kipimo, kutokana na kupima, kitenzi cha Kibantu, neno la sokoni na la shambani, la kibaba na la pishi. La tatu ni tathmini, nalo ni jamaa ya thamani. Basi mtihani humjaribu mtu, kipimo humlinganisha na kadiri iliyowekwa, na tathmini hueleza thamani ya alichonacho. Mwalimu apangaye maswali ya chuo kikuu atakiwa kujua ni lipi kati ya hayo matatu alitendalo, kwa maana chombo kifaacho kwa moja huenda kisifae kwa jingine.

Tena tukumbuke ya kuwa hata neno chuo zamani lilikuwa na maana ya kitabu, na ya mahali ambapo watoto walisomeshwa Korani. Katika chuo cha namna hiyo chombo cha mtihani kilikuwa ni sikio la mwalimu. Mwanafunzi alisoma, mwalimu akasikiliza, na kosa lilirekebishwa papo hapo. Hata Serikali ya kikoloni ilipowataka maofisa wake wafaulu mtihani wa Kiswahili, haikutosheka na kuandika. Iliwapima na katika kusema. Mtahini na mtahiniwa walikaa chumba kimoja, na neno lisiloeleweka liliweza kuulizwa tena. Sifa hiyo ya kuulizana ndiyo iliyopotea kwanza vyombo vilipobadilika.

Karatasi iliyovuka bahari

Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilipata mwaka 1949 uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wakawa wakifanya mitihani ya digrii za London. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, nacho kiliingia katika uhusiano huo huo. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na tarehe 1 Julai 1970 Dar es Salaam, Makerere na Nairobi vikawa vyuo vikuu vitatu mbalimbali. Katika shule za sekondari mwendo ulikuwa wa namna iyo hiyo: majibu yalisahihishwa Cambridge, kisha Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki likaanzishwa mwaka 1967, na Tanzania ikapata Baraza lake la Taifa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973.

Chombo cha zama hizo kilikuwa karatasi na posta. Msahihishaji aliye ng'ambo hawezi kumwuliza mwanafunzi alikuwa na maana gani; lililoandikwa lazima lijitetee lenyewe. Ndiyo sababu insha ndefu, yenye utangulizi, hoja na hitimisho, ikastawi hata ikaonekana kama kwamba ndiyo elimu yenyewe. Naona ni haki kusema kuwa insha ya saa tatu, kwa jinsi tulivyoirithi, ni mtoto wa posta. Mtahini wa nje, ambaye vyuo vyetu vingali vikimwalika, naye ni urithi wa zama hizo.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilijaribu kuipunguzia karatasi hiyo mamlaka yake. Lilitaka kazi na maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yahesabiwe, wala asihukumiwe kwa siku moja tu. Kutokana na fikira za namna hiyo tumezoea katika vyuo vikuu vyetu kugawa alama mafungu mawili, kwa kawaida 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho.

Lakini posta yenyewe haikuondoka. Ilihamia ndani ya nchi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, na kikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1994. Kilikusudiwa watu wasioweza kuacha kazi zao, nao walimu wa shule ni miongoni mwao. Mwalimu wa Kabanga aliweza sasa kusomea digrii pasipo kuhama. Ila siku ya mtihani alipaswa kushuka mpaka kituo cha mkoa, Kigoma, katika barabara iliyokuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Swali lilisafiri kutoka Dar es Salaam, jibu likasafiri kurudi, na mwenye jibu akangoja.

Penseli na mashine

Wakati huo huo huko Marekani chombo kingine kilikuwa kimekwisha kukomaa. Frederick J. Kelly, mwalimu wa Kansas, alitunga kati ya mwaka 1914 na 1915 maswali ya kuchagua jibu, kusudi usahihishaji uwe mwepesi na wasahihishaji wasitofautiane. Mwaka 1938 kampuni ya IBM ikatoa mashine ya kusahihisha, iliyotambua alama ya penseli kwa kuwa risasi ya penseli hupitisha umeme. Baadaye zikaja mashine zinazosoma alama kwa mwanga.

Sisi tuliufikia mwendo huo katika shule za msingi kabla ya chuo kikuu. Katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2012 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitumia kwa mara ya kwanza fomu zinazosomwa na mashine, na watoto wa nchi nzima, wa Kasulu na Kibondo kama wa Ilala, wakafundishwa kusiliba kiduara kwa penseli. Tuwafuate watoto hao kwa hesabu. Aliyefaulu na kuendelea bila kukwama aliingia kidato cha kwanza mwaka 2013, akamaliza kidato cha nne mwaka 2016 na cha sita mwaka 2019, akaingia chuo kikuu mwishoni mwa mwaka huo huo. Mwezi wa Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, alikuwa katika mwaka wake wa kwanza. Kwa hiyo kizazi cha kwanza kilichoingia katika lango la elimu kwa kusiliba viduara ndicho kizazi kilichokuwa chuoni siku mashine ilipotazamiwa kuchukua mahali pa darasa zima.

Kompyuta yafika nyanda za juu

Kompyuta hazikufika kwa ghafula. Mwezi wa Desemba 2004 ilitolewa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, iitwayo Jambo OpenOffice, ambayo ilikuwa matunda ya kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa Sweden, vyuo vya ualimu vya Serikali, ambavyo Kabanga ni kimojawapo, viliingizwa katika mpango wa kupelekewa kompyuta na kuunganishwa na intaneti. Mwezi wa Julai 2009 waya wa chini ya bahari wa SEACOM ukaanza kazi Dar es Salaam, na mawasiliano ya nchi na ng'ambo yakaacha kutegemea setilaiti peke yake. Mfumo wa kufundishia uitwao Moodle, uliotungwa Australia na Martin Dougiamas na kutolewa rasmi mwaka 2002, ukaenea katika vyuo vikuu vyetu kwa kuwa haulipiwi kodi ya matumizi.

Mwaka 2020 ukaupima mfumo huo wote. Tangu katikati ya Machi mpaka tarehe 1 Juni masomo ya vyuo vingi Tanzania yalisimama. Katika Kenya na Uganda, ambako kufungwa kulikuwa kwa muda mrefu zaidi, mitihani ya mbali ilijaribiwa. Mwanafunzi aliyerudi kwao Kasulu au Kibondo alirudi katika miji iliyokuwa ikipata umeme kwa majenereta ya dizeli. Ni mwaka 2022 tu ndipo majenereta hayo yalipozimwa na wilaya hizo zikaunganishwa na gridi ya Taifa. Chuo kisichojua tarehe hiyo kingeweza kumhesabia mwanafunzi uvivu, kumbe ni giza.

Hapana budi tutaje na manufaa. Chombo hiki kipya chaweza kuifuta safari. Swali laweza kufika Kabanga kwa dakika moja pasipo kubebwa na gari, na jibu lisipotee njiani. Chuo Kikuu Huria kimeanzisha hata mtihani wa kuomba, ambao mwanafunzi huufanya anapojiona yu tayari. Na mtihani wa namna hiyo wahitaji ghala kubwa la maswali lililopangwa vema, kazi ambayo kompyuta huiweza kuliko kabati. Mtu aliyekwisha kungoja matokeo kwa miezi hataudharau upesi huo. Lakini kama posta ilivyozaa insha, kompyuta nayo huzaa swali lake: swali fupi, lenye jibu lijulikanalo kabla ya kuulizwa. Hapo ndipo lugha inapoingia.

Kiambishi na nyota

Tuchukue mfano mmoja. Mwalimu wa historia ya Kiswahili auliza: Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 iliifanyia nini tahajia? Jibu atakalo ni kwamba iliisanifisha. Katika maswali ya majibu mafupi Moodle hulinganisha herufi za mwanafunzi na herufi za mwalimu. Mwalimu akiandika ilisanifisha peke yake, aliyejibu iliisanifisha amekosa, ingawa ameongeza kiambishi cha mtendwa kama Kiswahili fasaha kitakavyo. Chukua njeo nne tu, -li-, -me-, -ka- na -na-, kila moja ikiwa na kiambishi cha mtendwa au bila yake, tayari una maumbo manane. Na hujagusa urejeshi, wala hujagusa kauli za kitenzi.

Mafundi wametoa dawa: alama ya nyota, isimamayo badala ya herufi zozote. Mwalimu huandika nyota, kisha sanifish, kisha nyota tena, na maumbo yote manane hupokelewa. Lakini pamoja nayo hupokelewa ilisanifishwa, ambalo laigeuza Kamati kutoka mtenda kuwa mtendwa, na hupokelewa haikusanifisha, ambalo lakana jambo lenyewe. Nyota imemeza ukanushi. Aliyejua na asiyejua wamepewa alama moja, wala hapana mlio wowote uliosikika.

Kosa hili si la bahati mbaya. Katika Kiingereza ukanushi kwa kawaida ni neno linalosimama peke yake, na mtunzi wa swali aweza kuiamuru mashine ilitafute neno hilo na kulikataa. Katika Kiswahili ukanushi umo ndani ya kitenzi, mwanzoni, na mara nyingine mwishoni vilevile, kama katika hasomi na hawaendi. Chombo kisichochambua neno hakiwezi kuuona. Nazo mbinu za kusahihisha insha kwa kompyuta zina tatizo la jamaa hiyo. Ellis Page alipoanza kazi hiyo Marekani mwaka 1966, alizitumia dalili za nje kama vile urefu wa insha na wa maneno yake. Lakini neno la Kiswahili ni refu kwa sababu limebeba sentensi, wala si kwa sababu mwandishi ni msomi. Watakapokuambieni ni neno la mtoto wa miaka mitano.

Kabanga yaongeza fundisho jingine. Kiha, kama jirani zake Kirundi na Kinyarwanda, hakina upinzani wa l na r ulio sawa na wa Kiswahili. Mwanafunzi wa huko aweza kuandika kurima akiwa na maana ya kulima. Msahihishaji mtu husoma, hutambua, na huamua kama swali hili lapima tahajia au lapima maarifa. Mashine haina uamuzi huo: kwayo herufi moja iliyobadilika ni jibu lililokosekana. Basi mwanafunzi wa historia aliyejua kabisa habari ya kilimo cha Buha hupoteza alama kwa ajili ya fonolojia ya lugha ya mama yake, katika somo lisilokuwa la fonolojia. Hilo ndilo neno mtihani katika maana yake ya taabu. Wala si kipimo.

Dawa ya kweli ipo katika taaluma yetu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kutunga uchanganuzi wa maumbo ya Kiswahili kwa kompyuta, na mwaka 1992 akatoa maelezo yake katika jarida. Uchanganuzi wa namna hiyo huitenga i- na ha-, hulitambua -w- la kutendwa, na hulirudisha neno katika shina lake. Maarifa hayo, basi, si mageni. Lakini maswali mafupi ya Moodle hayakujengwa juu yake, na hapana sababu ya kutazamia kwamba mafundi wa ng'ambo watatujengea. Masomo mengi ya vyuo vikuu vya Tanzania hutahiniwa kwa Kiingereza; ni sisi wa Kiswahili tunaoumizwa na upungufu huu, na ni sisi tunaopaswa kuuondoa.

Mtihani upangweje

Kutokana na historia hii naona mambo machache yafaa kushikwa na wapangao mitihani.

Kwanza, kompyuta ipewe kazi iliyo yake: kuchukua maswali, kuyatunza, kuyagawa, kuficha majina ya watahiniwa, na kuwapa wasahihishaji wawili jibu lile lile bila mmoja kuona alama za mwenziwe. Kazi hizi hazitegemei umbo la neno, na zamwondolea mwalimu wa Kabanga safari yake.

Pili, swali la kusahihishwa na mashine litungwe na mtu ajuaye sarufi. Pale ambapo jibu ni kitenzi, afadhali liwe swali la kuchagua, au lisahihishwe na mtu. Pale ambapo nyota yatumika, maumbo ya ukanushi na ya kutendwa yaandikwe wazi, yapewe sifuri, na yawekwe mbele ya jibu lenye nyota, kwa kuwa mfumo hushika jibu la kwanza lililolingana. Tena majibu ya wanafunzi wenyewe yakusanywe kila mwaka na kupangwa, maana wao hutoa maumbo ambayo mwalimu hakuyawaza.

Tatu, pawe na fursa kwa mahali pasipo na mtandao wa kuaminika. Mwanafunzi aweze kupokea karatasi mapema ikiwa imefungwa kwa neno la siri, ajibu bila mtandao, na kupeleka jibu mtandao urudipo. Umeme ukikatika saa ya mtihani, iwe ni habari ya kuandikwa katika daftari la msimamizi, isiwe kosa la mtahiniwa.

Nne, sikio lirudi. Tangu mwezi wa Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT, kila mtu aweza kuagiza insha kwa mashine, hata kwa Kiswahili, na insha ya nyumbani imepoteza sehemu ya ushahidi wake. Lakini chombo kile kile kilicholeta mashaka hayo chaweza kuileta sauti ya mwanafunzi kutoka Kabanga mpaka kwa mwalimu wake. Dakika 10 za kuulizana juu ya kazi aliyoiandika zaweza kueleza zaidi ya kurasa nyingi, na lugha yetu ina adabu ya zamani ya kuulizana. Kitu ambacho posta ilikiondoa, simu yaweza kukirudisha.

Insha ilitufikia kwa posta, nasi tukaipokea kana kwamba haikuwa na asili. Swali la mashine limetufikia kwa waya wa chini ya bahari. Tusilipokee kwa namna ile ile. Madhali ukanushi wa Kiswahili unakaa ndani ya neno, mtihani usiouona ukanushi huo utaendelea kuwapa alama wale wasiojua, na kuwanyima wengine wajuao, hata kama matokeo yake yatatoka kwa sekunde moja.